Namna ya kupima tabia ya mtu kabla ya kumpa uzee wa kanisa: mwongozo kamili

Kila msimu wa uchaguzi ukipita, simu ninazopigiwa ni zilezile. "Mzee, tumekwama. Yule tuliyemchagua analivuruga baraza." Nikiuliza mlimpimaje, jibu ni moja: alisimamishwa mbele, akaulizwa kama yuko tayari, waumini wakanyosha mikono, mama mmoja akapiga vigelegele. Basi.

Nami sina mdomo wa kuwacheka. Miaka kadhaa nyuma, kamati niliyokuwamo ilimkabidhi hazina ndugu mmoja kwa sababu alikuwa mkarimu kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada. Kila Jumapili jogoo lilikuwa lake, na papai lake, na lile tenga la mayai. Baadaye ndipo tukagundua kwamba majogoo mengi hakuwa ameyalipia. Daftari la madeni ya mnada lilikuwa kabatini muda wote. Hakuna aliyelifungua.

Mwongozo huu ni wa kamati za sharika, mitaa na makanisa ya mahali zinazochagua wazee, mashemasi na viongozi wa idara. Taratibu za madhehebu zinatofautiana, na katiba ya kanisa lenu ndiyo inayotawala kuhusu kura na vipindi. Hapa nashughulika na kile ambacho katiba nyingi hukipitia kwa mstari mmoja: "awe mtu mwenye tabia njema." Hiyo tabia njema inaonekanaje, na inashuhudiwa na nani?

## Mahitaji kabla ya kuanza

- Biblia za tafsiri mbili. Union Version na nyingine ya Kiswahili chepesi kama Habari Njema. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya pili. Wekeni alama kwenye 1 Timotheo 3:1-13, Tito 1:5-9, 1 Petro 5:1-4 na Matendo 6:1-6.
- Kamati ya watu watano au saba. Wawemo wanawake, tena si kwa kujaza nafasi. Mama wa jumuiya anajua mambo ya mtaa ambayo mchungaji hatayajua mpaka astaafu. Awemo na kijana mmoja. Mwenye undugu au biashara na mtu anayejadiliwa atoke nje wakati huo.
- Daftari moja la karatasi. Lisipigwe picha, lisiingie kwenye kundi la WhatsApp, likae kwa mtu mmoja.
- Kumbukumbu za kanisa za miaka miwili: vitabu vya hesabu, ahadi za ujenzi, na ndiyo, daftari la mnada.
- Muda wa miezi mitatu kwa uchache. Kama uchaguzi ni Jumapili ijayo, ombeni usogezwe. Mkikataliwa, fanyeni hatua ya 1, 2 na 4 tu, lakini mjue mmeruka majaribio.

## Hatua ya 1: Someni sifa kabla ya kutaja majina

Jina likishatajwa, orodha hupindwa ili imtoshe mtu. Utasikia, "Hasira anazo kidogo, lakini ni mtu wa maombi." Kwa hiyo kikao cha kwanza kisiwe na jina hata moja.

Someni 1 Timotheo 3 kwa sauti, mstari kwa mstari, kisha mgawanye karatasi sehemu mbili: upande mmoja vipaji, upande wa pili mwenendo. Matokeo huwashangaza wengi. Upande wa vipaji linabaki jambo moja tu, "ajuaye kufundisha". Mengine yote ni namna mtu anavyoishi: na mkewe, na wanawe, na pombe, na fedha, na wageni, na hasira zake. Mashemasi hata hiyo ya kufundisha hawakudaiwa.

Tafuteni mstari unaotaja shahada, gari, ukoo mkubwa, sauti ya kuimbia au uwezo wa kuchangia. Haupo.

*Mmefanikiwa* pale kila mjumbe anapoweza kuzitaja sifa hizo kwa maneno yake bila kufungua kitabu. Akikwama, rudieni wiki ijayo.

## Hatua ya 2: Geuzeni kila sifa iwe swali lenye shahidi

Hapa ndipo kamati nyingi huanguka, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi. "Je, ni mpole?" si swali. Kila mtu ni mpole siku ya Jumapili saa nne asubuhi. Swali lazima litaje mahali, lilenge tukio, na liwe na mtu anayeweza kulijibu.

Asiyelaumika. Haimaanishi asiyetenda dhambi, huyo hamtampata. Maana yake ni mtu ambaye ukimsogelea hukuti doa la wazi la kumshikia. Ulizeni: yuko mtu anayemdai na ameacha kupokea simu zake? Kuna kesi ya shamba, ya mirathi au ya matunzo ya mtoto inayomhusu? Kuwa na kesi si hatia. Kinachoangaliwa ni namna alivyoibeba.

Mume wa mke mmoja. Wengi hukagua cheti cha ndoa wakaishia hapo. Kwa Kigiriki maneno yenyewe ni kama "mwanamume wa mwanamke mmoja", na hayo yanadai uaminifu, si idadi peke yake. Yupo mwenye cheti kimoja na nyumba mbili. Kuhusu wajane, waliotalikiana na wasiooa, fuateni msimamo wa dhehebu lenu. Mahali ambapo wanawake nao huwa wazee, kama katika KKKT (kanisa la Kilutheri la Tanzania), swali la uaminifu ni lilelile.

Mkaribishaji. Tunadhani ni yule anayempikia askofu pilau. Neno lenyewe linahusu kumpenda mgeni, mtu usiyemfahamu. Ulizeni: mgeni alipofika kanisani bila kujulikana, nani alimpeleka nyumbani akala ugali? Mwanafunzi aliyepangiwa shule ya mbali na kwao amewahi kulala kwa nani?

Si mpiga watu. Watu huruka mstari huu wakidhani ni wa zamani. Usiruke. Hakuna sifa ambayo majirani wanaijua vizuri kama hii, kwa sababu kuta zetu ni nyembamba. Na kipigo kina sura nyingi: yuko asiyeinua mkono lakini mkewe akiongea mbele za watu anamtazama kwanza usoni.

Si mtu wa kujadiliana. Hii ndiyo sababu ya kuwa na tafsiri mbili. Union Version inasema hivyo, na nimeona kamati ikimkata dada mmoja makini kwa kuwa "anauliza maswali sana kwenye mkutano wa hesabu." Hilo si kosa, ni huduma! Mstari unazungumzia ugomvi, mtu anayependa vita. Mpimeni hivi: hoja yake ikishindwa kwenye kikao, kesho anafanya nini? Anayesaidia kutekeleza uamuzi asioupenda anafaa. Anayeanza kupita nyumba kwa nyumba akikusanya "wenzetu" hafai.

Asiyependa fedha. Usipime kwa ukubwa wa anachotoa, maana anayependa fedha anaweza kutoa nyingi akiwa ananunua kiti. Pima kwa fedha isiyo yake. Alipotumwa kununua mabati, alirudi na risiti na chenji bila kuulizwa? Kwenye kikoba analipa marejesho kwa wakati? Mchango wa msiba ukipita kwenye simu yake, unafika kwa wafiwa siku hiyohiyo? Fungueni daftari la mnada.

Anayeisimamia nyumba yake vema. Jihadharini msimhukumu mzazi kwa mtoto mtu mzima aliyechagua njia yake. Angalieni wanaoishi chini ya dari lake leo. Na katika nyumba zetu kuna mtu ambaye kamati humsahau kabisa: dada wa kazi. Analipwa mwisho wa mwezi? Ana siku ya kupumzika? Anakula chakula gani, na anakula wapi? Mpaka leo sijaona kipimo kinachofichua tabia haraka kuliko hicho.

Ajuaye kufundisha. Si lazima awe mhubiri wa kupaza sauti. Mtoto wa kipaimara akimuuliza swali gumu, humwelewesha au humfokea?

Asiwe aliyeongoka karibuni. Kwa Kigiriki ni picha ya mche uliopandwa juzi. Jambo la kuangalia: sharti hili limo katika waraka kwa Timotheo, aliyekuwa Efeso, lakini halimo katika orodha ya Tito, aliyeachwa Krete atengeneze yaliyopunguka. Kwa hiyo mtaa mliouanzisha mwaka jana, ambako wote ni wachanga, hamna haja ya kuagiza wazee kutoka mjini. Kanisa lenye miaka arobaini likimpa kiti mtu wa miezi minane kwa sababu ana fedha au ushuhuda wa kusisimua, linamwangamiza yeye kwanza. Kujivuna ndilo shimo linalotajwa pale.

Si mwenye kauli mbili. Limeandikwa kwa mashemasi, na sababu inaeleweka: ndio wanaozunguka nyumba za watu. Anayesikia shida za nyumba kumi na kuzibeba mpaka ya kumi na moja atalivunja kanisa ndani ya mwaka.

*Onyo:* msitengeneze maswali mapya baada ya majina kuingia. Hapo mtakuwa mnamtafuta mtu.

## Hatua ya 3: Pokeeni majina pamoja na tukio

Kila jina liletwe kwa maandishi likiwa na sentensi moja inayoanza na "Nilimwona..." Si "ni mcha Mungu", bali "nilimwona akimpeleka bibi yetu kliniki kila mwezi wakati wanawe wako mbali." Karatasi isiyo na tukio irudishwe kwa aliyeiandika.

Kisha mwendeeni mtajwa mumuulize kama anakubali kupimwa, na mwenzi wake aulizwe peke yake. Wapo wake waliotuambia kwa sauti ya chini, "Mwacheni kwanza." Tulipowasikiliza hatukujuta.

## Hatua ya 4: Tokeni nje ya uzio wa kanisa

1 Timotheo 3:7 inadai mtu ashuhudiwe mema na watu walio nje. Sharti hili linarukwa kuliko yote, pengine kwa sababu linatuaibisha. Inaonekana kama kumpa mwenye duka asiyesali, au jirani Mwislamu, nafasi ya kusema neno juu ya mzee wetu. Ndivyo hasa mstari unavyotaka. Jirani huyo hajawahi kumwona akiomba kwa machozi, ila amemwona akigombania mpaka wa uzio, akirudi usiku, akilipa deni.

Chagueni watu watatu: mmoja wa biashara (mwenye duka, fundi, mama ntilie), mmoja wa mtaa (balozi wa nyumba kumi, jirani wa karibu), na mmoja aliye chini yake kikazi, mathalani mlinzi, kibarua wa shamba au kijana wa bodaboda anayembeba. Huyo wa mwisho msimwache. Mtu humheshimu bosi wake hata akiwa mwovu. Heshima kwa kibarua hutoka moyoni.

Waende wajumbe wawili, na mtajwa awe anajua kwamba mtawaona majirani. Kuchunguza kwa siri ni umbea wenye mhuri wa kanisa.

Namna ya kuuliza ina maana kubwa. Ukisema "Eti fulani ni mtu mzuri?" utajibiwa "Ah, mzuri tu, hana tatizo," kwa sababu Mswahili hamchafulii mtu jina mbele ya wageni. Jaribu hivi:

- "Ungesafiri siku tatu, ungemwachia ufunguo wa duka?"
- "Mkikosana, nani huanza kusalimia?"
- "Kama ungekuwa unamdai, ungekuwa na wasiwasi?"

Kisha nyamaza. Sikiliza jibu, sikiliza na kimya kilicholitangulia. "Ni mtu mzuri... ila sisi wengine hatujui mambo ya kanisa" ni jibu zito.

*Onyo:* neno baya la mtu mmoja lisimwangushe mtu. 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kupokea mashitaka juu ya mzee, na haki hiyo apewe hata ambaye bado hajawa mzee. Mtaani kuna visasi.

*Onyo kubwa zaidi:* mkikutana na taarifa ya ukatili au udhalilishaji wa mtoto, kamati isimame. Hilo si jambo la kuitana ofisini kwa mchungaji mkasameheana. Lipelekeni polisi, au pigeni 116, namba ya huduma kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya. Msimhoji mtoto wenyewe.

## Hatua ya 5: Kaeni naye mezani

Ikiwezekana iwe nyumbani kwake, jioni, wajumbe wawili au watatu. Maswali ya imani ulizeni, lakini mkumbuke majibu yake yamekaririwa na kila aliyepita kipaimara. Mimi hubaki na matatu:

"Mara ya mwisho kuomba msamaha ilikuwa lini, na ulimwomba nani?" Akitaja mkewe, mwanawe au mfanyakazi wake, pumueni. Akitafuta sana, au akisimulia jinsi *yeye* alivyowasamehe wengine, andikeni.

"Baraza likikataa pendekezo lako utafanya nini?"

"Kwa nini unaitaka kazi hii?" Kuitamani si dhambi; Paulo anaiita kazi njema. Lakini mpimeni na Diotrefe wa 3 Yohana, apendaye kuwa wa kwanza.

## Hatua ya 6: Mpeni kazi kabla ya cheo

"Hawa pia na wajaribiwe kwanza," inasema 1 Timotheo 3:10. Mpeni miezi mitatu ya kazi zisizo na maikrofoni: kutembelea wagonjwa, kuhesabu sadaka akiwa na wenzake wawili, kupanga viti, kufuatilia familia iliyoacha kuja. Wale saba wa Matendo 6 walianzia kwenye mgao wa chakula cha wajane, kazi ambayo malalamiko yake hayaishi.

Katika muda huo mrekebisheni jambo moja la kweli, dogo, mbele ya mtu mmoja tu. Labda alichelewa, labda alisahau kuandika hesabu. Angalieni wiki mbili zinazofuata. Kukasirika siku hiyo ni ubinadamu. Kuacha kuja, kununa, au kuanza kumsema aliyemrekebisha ni taarifa mnayoihitaji.

Msimtegeshee fedha mkamvizia. Kumjaribu mtu kwa kazi ni jambo moja, kumwekea mtego ni jingine, na hilo la pili linawachafua ninyi.

*Mmefanikiwa* pale waliotembelewa wanapomtaja bila kuulizwa.

## Hatua ya 7: Jifunzeni kusema "hapana"

Makanisa mengi hupima vizuri, yakaona tatizo, kisha yakampitisha mtu kwa kuona haya. "Tutamwambiaje mzee wa watu?"

Hivi. Waende wawili, mmoja awe rika lake. Kijana asitumwe kumwambia mtu wa umri wa baba yake. Mwende kabla jina halijasomwa mbele. Salimianeni, kaeni, msikatae chai. Kisha semeni kwa uwazi: "Mzee, safari hii hatutapeleka jina lako. Sababu ni deni la mabati ambalo halijakamilika. Likikamilika tutaongea tena." Sababu iwe moja au mbili, ziwe za kurekebishika kama zinarekebishika, na aliyezisema asitajwe.

Msimpe "ushauri wa heshima" au cheo cha mlezi kama pole. Cheo cha pole kinafungua mlango uleule mliotaka kuufunga.

## Hatua ya 8: Wekeni mikono, na mipaka

"Usimwekee mtu mikono kwa haraka" inafuatwa na onyo la kushiriki dhambi za wengine. Kamati iliyomharakisha mtu imo ndani ya kitakachotokea.

Siku ya kusimikwa ni ya furaha, pigeni ngoma. Ila wiki inayotangulia, asaini mambo haya: fedha za kanisa hazipiti kwenye namba yake ya simu, sadaka haihesabiwi na mtu mmoja, sanduku lina funguo mbili kwa watu wawili wasio ndugu, mtoto au binti hakutani naye peke yake ofisini mlango ukiwa umefungwa. Mtu mwema hakasiriki kwa hayo. Paulo mwenyewe, akipeleka mchango kwa watakatifu, alituma ndugu walioaminika waende na Tito ili asije akalaumiwa (2 Wakorintho 8:18-22).

Baada ya mwaka, rudini kwa watu watatu wa hatua ya 4, maswali yaleyale. Mara ya mwisho tulipofanya hivyo, mwenye duka alituambia kwamba mzee wetu bado anakopa sukari, ila siku hizi anatuma mtoto na hela kabla hajakumbushwa. Tukaandika, tukafungua daftari la mnada, tukaendelea na jina lililofuata.